Kiraka Chenye Uhai

Msomaji, bila shaka umepata kumwona fundi cherehani akitia kiraka katika nguo iliyotoboka. Hukata kitambaa, hukishona, na kazi imekwisha. Mwili wa mwanadamu hauzibwi hivyo. Kiraka cha nguo hakihitaji chakula. Kiraka cha mwili kikikosa damu hufa, kikaoza.

Nilijifunza jambo hili kwa ajili ya mpwa wangu, kijana wa miaka 19, aliyegongwa na gari akiwa juu ya pikipiki. Mfupa wa muundi ulivunjika chini kidogo ya goti, na ngozi iliyoufunika ikachunika. Mfupa ukabaki wazi, mweupe kama jino. Wazee walinong'ona kwamba mguu utakatwa. Kila jioni dada yangu aliniuliza, "Kaka, wamesemaje?" nami sikuwa na la kumjibu.

Tabibu mpasuaji alitueleza kwa subira. Ngozi nyembamba itolewayo pajani haina damu yake. Huishi kwa kunyonya kilicho chini yake, kama mche unyonyavyo udongo. Mfupa uliovuliwa utando wake ni jabali, na juu ya jabali hapana mche umeao. Yapasa kwanza uletwe udongo, na udongo huo ni msuli.

Katika shavu la mguu mna msuli wenye vichwa 2. Mpasuaji huondoa kwanza kila kilichokufa katika jeraha. Kisha hukitenga kichwa kimoja upande wa chini, hukigeuza na kukilaza juu ya mfupa. Lakini mshipa wa damu uingiao msulini karibu na goti haukatwi. Hiyo ndiyo siri yote: msuli hubadili mahali, haubadili chemchemi. Damu yake huleta dawa na kupigana na vijidudu, na juu yake ngozi ya paja hupandikizwa, ikashika. Jeraha likiwa karibu na kifundo, msuli huo haufiki. Mara nyingi huchukuliwa msuli wa mbali, kama wa mgongoni, na mishipa yake ikaunganishwa upya kwa msaada wa darubini.

Ujuzi wa kurekebisha viungo una historia kwetu. Mwaka 1957 wapasuaji 3 wa fani hiyo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika Afrika Mashariki, ili wakaao mbali na miji wapate matibabu. Huduma hiyo ndiyo iliyozaa Amref.

Mpwa wangu hutembea leo kwa miguu yake miwili. Shavu moja ni jembamba kuliko la pili, na kovu lake halipendezi. Msuli ule haukuwa wa ziada, msomaji. Ulikuwa na kazi yake. Ulitolewa kwa kuwa mfupa ulikuwa na haja kubwa zaidi. Kutoa kulikuwa hasara ndogo. Kutotoa kungalikuwa hasara ya mguu mzima.