Usiiguse Solo

Mashabiki wa muziki wa dansi huku Kongwa ni watu wavumilivu. Jenereta likizimika katikati ya wimbo, watasubiri. Maiki ikipiga miluzi, watasubiri. Mwimbaji akisahau ubeti wa pili akarudia wa kwanza, wataimba naye huo huo. Ila ukiigusa solo, umewachokoza.

Napiga gitaa la solo katika bendi ndogo inayozunguka Kibaigwa, Mlali, Mkoka na Kongwa mjini, na sehemu kubwa ya nyimbo tunazopiga si zetu. Ni za Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, Msondo, Sikinde, Patrick Balisidya. Wanamuziki tunaiita kazi hiyo kupiga kopi. Wako wanaoidharau. Mimi naiheshimu, maana mpiga kopi anasimama mbele ya watu wanaoujua wimbo kumzidi yeye, na kila mmoja wao ana wimbo wake kichwani anaoulinganisha na kile anachokisikia.

Msimu wetu ni baada ya mavuno. Mahindi yakianza kumiminika soko la Kibaigwa na malori yakajipanga kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro, pesa inaonekana, na harusi zinafuatana wiki hadi wiki. Mwaka wa ukame bendi inalala. Ukame wa ukanda huu ni ule ule uliochangia kuuangusha mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza hapa Kongwa mwaka 1947, basi hata sisi wapiga gitaa tunaangalia mawingu kama wakulima.

Harusi ndiyo shule ya kuwajua mashabiki. Baa ina watu wake, na kanisa lina watu wake, lakini chini ya turubai la harusi wanakaa pamoja mzee aliyenunua santuri za Mbaraka zikiwa mpya, mfanyabiashara wa mahindi, dereva wa lori aliyekuja kwa sababu gari limepaki jirani, na vijana wanaosubiri dijei aweke singeli. Ukipiga wimbo mmoja, unapata hukumu zao zote palepale.

Nimejifunza kwamba maneno ya wimbo yana nafasi ya kuchezewa. Mwimbaji wetu hupachika jina la bibi harusi, jina la kijiji, jina la baba mzazi, na watu hushangilia na kuja kutunza. Ukipiga "Shida" ya Mbaraka ukaingiza jina la mtu, hakuna atakayelalamika. Lakini gitaa la Mbaraka ni jambo jingine. Watu wa umri wa baba yangu hulighuni. Hawaghuni sauti ya mwimbaji. Wanaghuni nyuzi, kwa mdomo, na mkono mmoja ukitembea hewani. Mbaraka aliimba na kupiga solo mwenyewe. Alijijengea jina Morogoro, mji ulio kwenye barabara yetu, akaenda na Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979 akiwa bado kijana. Kwa mashabiki wake zile nyuzi ni sauti yake ya pili. Kuzibadilisha ni kumkatiza asiyeweza tena kujibu.

Sasa njoo upande wa mpigaji. Bendi za dansi za miaka ya 1970 zilikuwa na magitaa matatu au zaidi: solo, solo ya pili, ridhimu, kisha besi, na nyuma yake tarumbeta na saksofoni. Utamu wote uko pale magitaa yanapopishana. Moja linauliza, jingine linajibu kabla la kwanza halijamaliza. Sisi tuna magitaa mawili, kinanda na dramu. Saksofoni hatuna. Kwa hiyo kabla hata sijaamua kuubadilisha wimbo, umeshabadilika. Kila kopi ni uamuzi wa nini kiachwe. Mimi husikiliza rekodi kwenye simu usiku, kipande kwa kipande, nikiwa na programu ya kupunguza mwendo, hadi nisikie pale kidole kilipoteleza kwenye uzi. Kisha naiba: solo ya kwanza naipiga yote, ya pili naikata na kuokota zile noti chache ambazo sikio la shabiki litazitafuta. Kinanda kinachukua sehemu ya tarumbeta, na hapo ndipo wengi wanakunja sura. Wanaposema mmeuharibu, mara nyingi wanakisema kinanda.

Wimbo unaoombwa kuliko zote ni "Harusi" wa Patrick Balisidya na Afro 70. Huyu ni wetu. Alizaliwa Mvumi, hapa hapa Dodoma, mwaka 1946. Bendi yake ikaiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC Lagos mwaka 1977. Mwaka 1978 ikatoka albamu ya "Bado Kidogo" aliyoifanya na Archimedes Badkar, kundi la roki la Sweden. Alifariki mwaka 2004. Gitaa lake lilikuwa na ukali wa roki na soul, na ndani yake mtu wa Ugogo anasikia nyumbani. Kwa sababu hiyo tuliamua kuupiga wimbo wake kwa ilimba, ala ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, pamoja na akina mama wa kijiji kimoja wanaoimba kwa sauti za Kigogo, zile zinazopandana na kujibizana. Wala hatukuvumbua kitu. Marehemu Hukwe Zawose wa Doduma alishaikutanisha ilimba na gitaa la umeme la Michael Brook katika albamu ya "Assembly" mwaka 2002.

Kazi haikuwa nyepesi. Ilimba ya Kigogo ina sauti zake. Ukiiweka kando ya kinanda utasikia noti zinazokataa kukaa pamoja: kuna iliyo chini kidogo ya pale kinanda kinapoitaka, na huwezi kuipandisha bila kuiharibu ilimba yenyewe. Gitaa lina msamaha. Nililegeza uzi wa tatu kidogo tu, nikawa nauvuta kwa kidole pale ninapohitaji sauti ya kawaida. Kinanda hakina msamaha huo, basi mwenzetu akakizima akashika manyanga. Solo niliipunguza, ilimba ikachukua nusu yake.

Tuliupiga hivyo kwenye harusi Mlali. Akina mama walipoingia na sauti zao, upande wa bibi harusi ulilipuka kwa vigelegele, shangazi zake wakaja mbele mabega yakicheza, na noti za elfu moja zikabandikwa kwenye paji la uso wa mpiga ilimba. Wakati huo huo baba mkubwa wa bwana harusi akanyanyuka, akaja hadi ubavuni kwangu wimbo ukiendelea.

"Mwanangu," akasema, "huu wimbo una mwenyewe. Mbona mmeufanya ngoma?"

"Shikamoo, baba. Mwenyewe ni wa Mvumi."

"Marahaba. Najua ni wa Mvumi. Nataka ule wa redioni."

Akarudi kukaa, na pale mezani ukaanza mjadala uliodumu hadi chakula kikaja. Mdogo wake, naye mzee, alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam miaka ya 1970 na kuiona Afro 70 ukumbini. Alimwambia kaka yake kwamba hakuna usiku walioupiga wimbo sawasawa na usiku uliotangulia. Kaka hakutaka kusikia. Yeye wimbo aliupata kwa redio, siku zile za kuoa kwake, na toleo la redio ndilo alilokuwa akilidai. Kijana mmoja aliyekuwa akirekodi kwa simu akawauliza wazee hao wimbo ni wa nani. Hakuwa amewahi kulisikia jina la Balisidya.

Nimelifikiria sana lile bishano, kwa sababu lilinionyesha kitu ambacho huko nyuma nilikuwa nakisikia tu juujuu. Tunapenda kusema wazee wanataka cha zamani na vijana wanataka kipya. Mlali waligawanyika wazee wawili wa tumbo moja. Mmoja aliupokea wimbo kama rekodi, mwingine kama bendi iliyosimama mbele yake ikitoka jasho. Wa kwanza ataumia ukibadilisha hata pumzi moja. Wa pili atachoka usipobadilisha.

Na ukweli wa kazi uko karibu zaidi na huyu wa pili. Rekodi tunazoziabudu zilifanywa kwa haraka, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, ama studio za Radio Tanzania Dar es Salaam au Nairobi. Santuri ndogo haikubeba zaidi ya dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati, nusu upande wa kwanza, nusu upande wa pili. Ukumbini wimbo ule ule uliendelea kadiri wachezaji walivyotaka. Tena wanamuziki walihamahama. Mwimbaji akitoka bendi moja kwenda nyingine alihama na mtindo wake. Kilichobaki mikononi mwetu ni siku moja tu ya wimbo, siku ambayo mafundi walikuwapo na mitambo ilikuwa inafanya kazi. Hata hivyo sithubutu kumwambia baba mkubwa kwamba amekosea. Siku hiyo moja ndiyo iliyoingia nyumbani kwake.

Mashabiki wa roki huko nje nao wana ugomvi huu. Bob Dylan alitoa "All Along the Watchtower" mwaka 1967, Jimi Hendrix akaurudia mwaka uliofuata kwa gitaa la kuwaka moto, na Dylan mwenyewe akawa anaupiga jukwaani kwa namna iliyoelekea kwa Hendrix. Mwenye wimbo alimkubali aliyeurudia. Haikuwazuia mashabiki kuendelea kubishana.

Kwetu bishano kubwa la miaka ya karibuni lilikuwa la "Salome". Saida Karoli aliimba "Maria Salome" kwa Kihaya mwaka 2001, ngoma na sauti yake vikapewa nafasi ya kupumua. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautengeneza upya. Kibaigwa, pale kwenye vibanda vya chakula karibu na soko, niliwasikia wapakiaji wa magunia wakigombana kwa dhati: mmoja akisema wimbo umefufuliwa, mwingine akisema umevuliwa nguo. Hadi leo mtu akitupigia kelele "Salome!" inabidi niulize ipi. Mimi moyo wangu uko kwa Saida, bila kusita. Toleo la Diamond linajaza kila pengo, wakati utamu wa lile la kwanza ulikuwa kwenye mapengo. Lakini siwezi kukana kilichofuata: jina la Saida lilirudi midomoni mwa watoto ambao walikuwa hawajazaliwa alipoimba, na mwaka 2017 akatoa wimbo mpya, "Orugambo". Kopi iliyomrudishia mwenye wimbo kazi siwezi kuiita wizi, hata kama sipendi kuisikiliza.

Hapo ndipo ninapoipimia kopi. Sauti zikibadilika, mashabiki na wagawanyike, ni haki yao, na kugawanyika kwao kunaonyesha wimbo bado una watu. Jina likipotea ni jambo jingine kabisa. Angalia "Malaika". Dunia nzima imeuimba, Miriam Makeba, Boney M, kila hoteli ya pwani, na bado watu wanabishana kama ulitungwa na Fadhili William, Adam Salim au mwingine. Kutokuwa na uhakika wa mtunzi kunamaanisha kuna mtu, au familia ya mtu, ambayo haikupata chake. Sheria ya hakimiliki tunayo, ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kuisimamia. Lakini chini ya turubai la Mlali hakuna anayeandika ni nyimbo gani zimepigwa usiku huo, na bila orodha hakuna wa kulipwa.

Bendi yetu imejiwekea utaratibu. Wimbo wa mtu tunaupiga kwanza kama ulivyo, solo yote, hadi tuumudu. Baada ya hapo tuna ruhusa ya kuuhamisha. Anayeanza kwa kubadilisha anaficha alichoshindwa, na baba mkubwa atamgundua kabla ya kiitikio. "Harusi" tunaipiga sasa mara mbili katika sherehe moja: ya redioni wakati maharusi wanaingia, ya ilimba baada ya chakula. Wanaoipenda ya kwanza hukaa kwenye ya pili, na kinyume chake, na wachache hucheza zote.

Ombi langu ni kwa washereheshaji wa Kongwa na Dodoma nzima. Mnapotukaribisha jukwaani mnataja jina la bendi, la mfadhili, la kamati, hadi la mwenye turubai. Kabla hatujaanza "Harusi", tajeni na jina la Patrick Balisidya wa Mvumi.