Globu Nne na Dhana Mbaya



Mume wangu alipopata kazi Boito, katika nchi ya majani chai ya Bomet, niliuacha mji wa Mombasa na joto lake, nikaenda kuishi mahali ambapo ukungu hushuka mashambani kabla ya magharibi. Ramadhani ilitukuta huko. Usiku mmoja, nikipasha chakula cha daku, nyumba ikawa giza: tokeni zimekwisha, ilhali zilinunuliwa juzi tu.

Nilimshuku binti aliyekuwa akinisaidia kazi. Nilidhani hupiga pasi nguo zake kwa siri nikiwa nimelala, na nikamwambia hivyo mbele ya watoto. Hakujibu. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuosha vyombo kwa mwanga wa simu.

Asubuhi mume wangu alichukua kalamu na karatasi. Nyumba yetu ilikuwa na globu nne za kizamani, kila moja wati 60. Tulikuwa tukiziwasha zote yapata saa tano kwa siku: kuanzia magharibi hadi baada ya tarawehe, kisha wakati wa daku. Hizo ni uniti 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi. Taa nne za LED za wati 9, zenye mwanga kama ule ule, zingetumia uniti 5.4 tu. Mwizi alikuwa akining'inia darini, nami nikimtafuta jikoni.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Globu ya zamani hupasha moto waya mwembamba hadi ukang'aa. Katika kila sehemu kumi za umeme inazotumia, takriban tisa hupotea kuwa joto. LED haina waya wa kuchoma. Umeme hugeuka nuru ndani ya kijipande kigumu, kidogo mno. Globu ile huungua baada ya saa 1,000 hivi, hali LED nzuri hudumu saa 15,000 na zaidi. Huku Pwani hasara ni maradufu: twalipia joto la globu, kisha twalipia feni ya kutupoza.

Kule Boito joto lina kazi yake. Tulibadilisha taa zote nne, lakini globu moja nilimpa jirani yangu, mama wa Kikipsigis aliyelea vifaranga ndani ya sanduku, maana baridi huwaua. Kitu kikiwekwa mahali pake si israfu.

Qur'ani inatukataza israfu, na Mtume wetu (S.A.W.) alituagiza tuzime taa tunapolala. Lakini Qur'ani hiyo hiyo inatuonya dhidi ya dhana mbaya. Tokeni zilinunuliwa tena siku ile ile. Neno nililomtamkia yule binti halikuwa na duka la kulirudisha. Nilimwomba radhi mbele ya watoto wale wale walionisikia nikimtuhumu. Alisema amekwisha kunisamehe.

Dada zangu, jioni ya leo zihesabuni globu zenu, msome wati zilizoandikwa juu yake, kabla hamjamnyooshea mtu kidole.

Wabillahi tawfiq.