Mwamuzi wa Chini ya Mwembe

Ndugu msomaji, yako makosa ambayo mtu huyatenda kwa mkono wake, na yako ayatendayo kwa ulimi, naye amesimama kivulini wala hakugusa kitu. Nitakalokusimulia ni kosa langu mwenyewe la namna hii ya pili. Nalisimulia ili vijana wetu, na wazee wao pia, wapate mazingatio.

Ilikuwa alasiri ya Idi, hapa kwetu Kasulu. Vijana wa bodaboda walipatana kushindana katika njia ya vumbi ipitayo kati ya mashamba ya muhogo, nje ya mji. Wenzao kadhaa walikuwa wamekuja kutoka Kibondo kuwazuru jamaa zao, nao wakaalikwa. Mwenye duka mmoja alitoa tairi jipya liwe zawadi, na kwa kuwa hapakuwa na kijana aliyeweka dau, niliona hapana kamari ndani yake. Wakaniomba nisimame chini ya mwembe, mwisho wa njia, niwe mwamuzi. Nikakubali kwa furaha, wala sikuuliza ni nani atakayewazuia watoto na baiskeli wasikatize, wala sikukagua breki ya mtu.

Mpwa wangu alikuwa miongoni mwao. Kofia yake ngumu aliitundika mkononi, kama wafanyavyo wengi. Kijana mmoja wa Kibondo alivaa yake na kuifunga kidevuni. Katika kona ya mwisho huyo wa Kibondo alikuwa mbele. Mpwa wangu akajipenyeza kwa ndani, akamsukuma kwa usukani. Yule akatoka njiani, akaangukia kwenye matuta. Niliyaona yote kwa macho yangu. Walakini nilipoulizwa, nikasema: "Aliyefika kwanza ndiye mshindi. Kuanguka ni bahati yake." Udugu ulinifumba kinywa.

Mtulinga wa kijana yule ulivunjika. Kofia yake ilipasuka upande mmoja, bali kichwa kilisalimika. Usiku ule sikupata usingizi. Kila nilipofumba macho niliiona kofia ya mpwa wangu ikining'inia mkononi, nikajiuliza ingekuwaje lau angeanguka yeye.

Watu husema kwamba mashindano ya pikipiki ni wazimu mtupu. Lakini wale ambao hiyo ndiyo kazi yao, nao hukimbia zaidi ya kilometa 300 kwa saa, hawaachiwi kila mtu na nafsi yake. Kando ya njia wako wenye bendera: ya manjano huwaonya kwamba mbele pana hatari, wasipitane, nyekundu husimamisha mbio, nyeusi humtoa mkosaji. Tarehe 9 Septemba 2018, katika uwanja wa Misano nchini Italia, Romano Fenati alinyoosha mkono akaishika breki ya mshindani wake, Stefano Manzi, nao wakienda zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Manzi hakuanguka. Hata hivyo waamuzi hawakungoja maiti ndipo waseme pana kosa. Fenati alitolewa kwa bendera nyeusi, akafungiwa mashindano mawili, na timu yake ikamfukuza.

Tena uko mfano wa kijana wa Kituruki, Toprak Razgatlıoğlu. Mwezi Septemba 2021, huko Magny-Cours nchini Ufaransa, alikwisha kupewa ushindi wa mbio moja fupi, ndipo ikathibitika kwamba katika mzunguko wa mwisho tairi lake liligusa sehemu ya kijani iliyo nje ya mpaka wa njia. Ushindi akapewa Jonathan Rea. Kosa lilikuwa dogo; lakini mpaka ni mpaka. Na kijana huyo hakuangamia kwa hukumu ile, kwani mwaka ule ule alikuwa bingwa wa dunia wa Superbike.

Mambo haya si mageni kwetu. Mtume Muhammad (s.a.w.) alishindanisha farasi Madina: waliofunzwa walikimbia kutoka Hafya hata Thaniyyatul-Wadaa, na wasiofunzwa wakapewa njia fupi, kutoka hapo hata msikiti wa Banu Zuraiq. Tazama uadilifu huo: kila mnyama kwa kadiri ya uwezo wake, na mwanzo na mwisho vyajulikana. Na ngamia wake Adhbaa, aliyekuwa hashindwi, alipopitwa na ngamia wa bedui mmoja, masahaba waliona uzito. Lakini yeye aliwafunza kwamba hakuna kipandacho duniani ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Basi mimi ni nani hata nisikubali mpwa wangu ashindwe?

Nikasafiri hadi Kibondo kumwomba radhi mama wa kijana yule. Alinikaribisha, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Kaka yangu, mfupa utaunga. Ila neno ulilolisema mbele za watu, utalirudisha wapi?"

Sikuwa na jibu isipokuwa moja. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, niliwakusanya vijana wale wale, nikasema mbele yao kwamba nilidanganya na kwamba tairi si la mpwa wangu. Alinitazama kwa ghadhabu, akaondoka bila kuniaga. Siku tatu hatukusemezana. Siku ya nne alikuja alfajiri, tairi limefungwa nyuma ya pikipiki, na kofia kichwani. "Mjomba," alisema, "nalipeleka Kibondo. Niombee safari njema."

Enyi vijana, njia ya watu si uwanja wa mbio, msishindane humo. Uchunguzi mmoja uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kofia ngumu humpunguzia mpanda pikipiki aliyepata ajali hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Haimfai kitu aliyeitundika mkononi. Nanyi wazee wenzangu, mkiombwa kuamua baina ya watoto wenu na watoto wa wengine, kumbukeni kwamba katika Sura ya Nisaa tumeamrishwa kuusimamia uadilifu, hata ukiwa juu yetu wenyewe na jamaa zetu. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyanyamazia, na awarudishe wasafiri wetu nyumbani salama. Amin.