Mpiga fidla aliyemgombeza kijana bure

Ilikuwa usiku wa harusi, Ng'ambo, mjini Unguja. Kidumbak kilikuwa kimepamba moto na kina mama wamejaa uwanjani, mara mpiga fidla akashusha upinde na kumgeukia kijana wa cherewa.

"Wewe, mbona umeacha kupiga?"

Kijana alikuwa akitikisa cherewa mpaka jasho linamtiririka. "Napiga, mzee," alijibu.

Mzee hakuamini. Alimgombeza mbele ya watu, na kijana akainamisha kichwa, kwani mkubwa hajibiwi.

Mkewe alikuwa miongoni mwa wachezaji. Hakusema kitu usiku ule, lakini alielewa. Kwa miaka mitatu nyumbani mlikuwa na ugomvi usiokwisha. Akimwambia mumewe alete samaki, analeta kitu kingine. Wajukuu wakimsalimu kwa sauti zao nyembamba, anapita kimya, nao wakadhani babu amekasirika. Mwenyewe alilalamika kwamba siku hizi watu wanaongea kwa kunong'ona.

Mzee huyu ana umri wa miaka 66, na maisha yake yote ni muziki. Utotoni, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, baba yake aliwakusanya majirani kwenye redio kumsikiliza Umm Kulthum moja kwa moja kutoka Cairo. Nyumbani kulikuwa pia na santuri kuukuu za Siti binti Saad, mwanamke wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Alipoanza kujipatia senti zake, safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda Fumba, kijiji alichozaliwa Siti, ili tu akanyage ardhi ile. Safari ya pili aliyoiwekea nia ni Cairo, kwenye makumbusho ya Umm Kulthum, ambako zimehifadhiwa miwani yake nyeusi na ile leso aliyoishika jukwaani.

Fedha za Cairo zilikuwa kwenye kopo la maziwa, chini ya kitanda. Kila harusi aliyopiga, kitu kidogo kiliingia humo.

Baada ya usiku ule wa cherewa, binti yake mkubwa alimpeleka kwa daktari wa masikio. Mzee alikwenda kwa shingo upande. Hofu yake ilikuwa moja: wenzake wakijua hasikii, nani atamwita tena kwenye shughuli?

Alivalishwa vifaa masikioni, akaambiwa anyooshe kidole kila asikiapo mlio. Milio mizito aliisikia yote. Ilipofika ile myembamba, kidole kilibaki gotini muda mrefu, na binti yake akatazama pembeni.

Daktari alieleza kwamba ndani ya sikio, kwenye sehemu yenye umbo la konokono, zipo chembe hai zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa za muda mrefu huziua, na umri nao huchangia. Zikifa hazioti tena. Mara nyingi zinazotangulia ni zile za sauti nyembamba: ndege, watoto, herufi kama "s" na "f". Na cherewa. Miaka mingi fidla ilikuwa chini ya sikio lake la kushoto, na spika kubwa za harusi nyuma ya mgongo wake.

Dawa ya kurudisha usikivu huo haipo, lakini vifaa vya kusaidia kusikia vipo. Bei yake ilikaribia kabisa kilichokuwa kwenye kopo.

Kwa wiki mbili mzee hakutaka kulizungumza. Ndipo mkewe akakaa mbele yake, uso kwa uso, akasema taratibu: "Mume wangu, unataka kwenda Cairo ukaitazame miwani yake, au ubaki hapa uisikie sauti yake?"

Asubuhi yake kopo likafunguliwa.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Fidla ilimlilia kama bati linalokwaruzwa, akatamani kuvitupa vile vifaa. Alirudi kwa mtaalamu mara kadhaa kuvirekebisha, akawekewa mpangilio maalumu kwa ajili ya muziki. Sauti haijawa kama ya zamani, na ameambiwa haitakuwa. Lakini wajukuu wakisalimu, anaitikia.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na ikifika desibeli 90, isizidi saa 4. Muziki wa ukumbini mara nyingi huvuka hapo. Kukaa mbali na spika, kutoka nje mara kwa mara ili masikio yapumzike na kuvaa vizibo vya masikio ni kinga ya kweli. Na mzazi anayeongeza sauti ya redio kila mwezi au anayejibu asichoulizwa asichekwe wala kugombezwa. Apelekwe akapimwe.

Kwenye harusi iliyofuata, mzee alikaa mbali na spika. Fidla ikaanza, ngoma zikaingia, na nyuma yake akasikia kitu kama mvua nyepesi juu ya makuti. Alipiga wimbo mpaka mwisho. Kisha akanyanyuka, akamfuata kijana wa cherewa, na mbele ya watu walewale akamwambia: "Mwanangu, nisamehe. Ulikuwa unapiga."

Kopo limerudi chini ya kitanda. Ndani yake zimo noti mbili.