Matairi makubwa na mawe meusi ya Marsabit

Kama hujawahi kufika Isiolo, basi ujue huo ndio mji ambapo Kenya ya mahindi na chai humkabidhi msafiri kwa Kenya ya ngamia. Hapo ndipo madereva wa pikapu waendao kaskazini hujaza mafuta, hukaza kamba za mizigo na kukagua magurudumu. Ukisimama kando ya barabara kuu kwa nusu saa tu utaziona Land Cruiser za kila umri, zimebeba magunia, mitungi ya maji, mbuzi, na watu juu ya vyote hivyo. Na siku hizi utaona jambo jingine: pikapu zilizovishwa matairi makubwa kupita kiasi, yametokeza nje ya fenda mithili ya mtoto aliyevaa viatu vya babake.

Wenye pikapu hizo wana hoja yao. Wanakwenda nchi ya mawe na mchanga, nao wanataka gari lipande juu, lisigonge tumbo. Fundi naye yuko tayari kuwafungia chochote walipiacho. Lakini je, njia yenyewe inataka nini? Twende pamoja kutoka Isiolo hadi Loiyangalani, tupitie Marsabit na jangwa la Chalbi, tukaone.

Ukitoka Isiolo utavuka Ewaso Nyiro pale Archer's Post, na muda si mrefu mlima Ololokwe utasimama mkono wako wa kushoto, umekatika kileleni kama meza. Kisha ni Merille, Laisamis na Logologo. Waliosafiri njia hii miaka ya tisini watakumbuka makorongo, vumbi lililoingia hata kwenye meno, na malori yaliyokwenda kwa misafara ikilindwa na polisi kwa sababu ya majambazi. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika hadi Moyale, kiasi cha kilomita 500 kutoka Isiolo. Safari ya Marsabit iliyokuwa ikimla mtu siku nzima sasa ni ya saa chache tu.

Kwa hiyo zingatia hili kwanza: karibu nusu ya safari yetu ni lami. Na kwenye lami tairi kubwa halikusaidii kitu.

Sasa tupige hesabu kidogo, haitakuchosha. Tairi lililozoeleka la Land Cruiser ya kazi ni lile liitwalo 7.50 kwa 16, yaani upana wa inchi saba na nusu, rimu ya inchi 16. Likisimama lina kimo cha sentimita 80 hivi. Ukitaka kuongeza, fundi huenda akakupendekezea 285/75 kwa rimu hiyo hiyo ya 16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, na ya pili ni kimo cha ubavu, asilimia 75 ya upana huo. Jumlisha mbavu mbili na rimu, utapata kimo cha sentimita 83. Umeongeza tatu. Lakini kumbuka kwamba ekseli hukaa katikati ya gurudumu, si juu yake. Difu, ambayo ndiyo hugonga mawe, imeinuka nusu tu ya hizo tatu. Hiyo ni sentimita moja na nusu, unene wa kidole, na tayari umeshanunua matairi matano na rimu tano, maana rimu ile ya zamani ni nyembamba, haiwezi kulibeba tairi la upana huo.

Wako wanaosema, kama ni hivyo basi na tuende kwenye yale ya inchi 35. Hayo yana kimo cha sentimita 89, na difu itapanda sentimita nne na kitu. Nne ni nyingi palipo na mawe, sikatai. Ila hapo ndipo gharama huanza kuzaa gharama. Ukikata usukani tairi linasugua fenda, kwa hiyo unainua springi. Ukiinua springi, gari zima limekuwa refu, na uzito wake umekwenda juu. Weka mizigo yako, weka abiria wako juu ya mizigo, halafu ukutane na ngamia katikati ya lami usiku pale Logologo, ulazimike kumkwepa kwa ghafla. Wewe mwenyewe unajua litakalotokea.

Breki nazo ni zile zile za kiwandani, ilhali gurudumu limekuwa kubwa na zito. Utakanyaga zaidi na gari litachukua nafasi ndefu kabla ya kusimama. Injini pia italalamika. Yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli ya gia anafahamu kwamba ile gia ya kwenda kasi huumiza magoti mlimani, na tairi kubwa ni kama kulifungia gari gia hiyo daima. Kisha tazama kishale cha mwendo. Kifaa hicho huhesabu mizunguko ya gurudumu wala hakijui umebadilisha kitu. Kikikuonyesha 80, gari linakwenda 88. Kikihesabu kilomita 100, umekwenda 110. Mtu anayekadiria dizeli yake kwa kilomita, katika nchi ambako vituo vya mafuta ni vya kuhesabika, hana budi kulijua hilo kabla ya kuondoka.

Tuendelee na safari. Marsabit ni mlima wa ajabu, umesimama peke yake katikati ya ukame huku kichwa kimefunikwa na msitu na ukungu. Asubuhi utahitaji sweta. Mnamo miaka ya 1920 Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, waliokuwa wapiga picha za wanyama, waliufikia mlima huu kwa magari na kuishi kwa muda kando ya ziwa la msituni walilolipa jina la Paradise. Walikuja kwa matairi membamba ya siku hizo, na barabara haikuwapo. Sisemi turudi huko. Nasema tu kwamba Chalbi na mawe yake havikuanza kuvukwa jana.

Ukishuka Marsabit upande wa kaskazini, ukaiacha barabara ya Moyale na kushika njia ya Maikona, ndipo safari hubadilika. Nchi yote imetandazwa mawe meusi yaliyotemwa na volkano zamani, mengine kama ngumi, mengine kama kichwa cha mtu, yakipikwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Mawe haya hayaliui tairi kwa kulitoboa kwenye meno. Huliua ubavuni. Jiwe lenye makali huuchana ubavu kama kisu, na ubavu uliochanika hauzibwi. Tairi hilo limekwisha.

Hapa tairi jembamba lenye ubavu mgumu lina siri yake. Linapita katikati ya mawe mawili ambapo lile pana hupanda yote mawili. Ndiyo maana malori na pikapu nyingi za wenyeji bado zinatembea na matairi membamba ya plai 8 au 10, yawezayo kubeba mzigo mzito bila kufura ubavu. Mgeni huyatazama akadhani ni umaskini. Si umaskini hata kidogo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Baada ya Maikona unaingia Chalbi yenyewe, na hapo nitawapa haki yao wapenzi wa tairi pana. Chalbi lilikuwa ziwa enzi za kale. Likakauka, likaacha uwanja wa chumvi ulionyooka hadi macho yanachoka, na mazigazi yakicheza mbele yako kama maji. Juu kuna ganda gumu. Chini, mvua ikiwa imenyesha, kuna tope linaloweza kumeza gari hadi milangoni. Tairi pana hutandaza uzito wa gari na kuelea juu ya mchanga vizuri zaidi. Lakini hata lile jembamba utalipanua bila kulipa senti: punguza upepo. Likishuka hadi kipimo cha 18 au 20, tairi hulala chini, na wayo wake hurefuka kama wa ngamia. Mtazame ngamia akikanyaga mchanga, uone jinsi unyayo unavyotanuka chini ya uzito wake. Uendeshe polepole, usikate kona kwa nguvu, na uwe na pampu ya kurudisha upepo. Atakayesahau kuurudisha, akakimbia kwenye mawe au lami hali tairi limelegea, atalipasua kwa joto.

Na ikiwa mvua imenyesha, waulize Wagabra walio pale na mifugo yao. Wakikuambia njia haipitiki, usijibizane nao kwa sababu una tairi la inchi 35. Zunguka ukingoni, au lala Maikona. Hakuna tairi linaloshinda Chalbi iliyolowa.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo laiti kila mwenye pikapu angelifikiria kabla ya kutoa pesa yake. Siku tairi litakapochanika, na siku hiyo itafika, utalipata wapi lingine? Tairi la 7.50 kwa 16 limezoeleka kote kaskazini, jipya au lililotumika, na tyubu yake pia. Anayeziba pancha hulivua kwenye rimu kwa vyuma viwili na nyundo, akaliziba, akalijaza kwa pampu ya mkono. Tairi pana lisilo na tyubu linataka mashine ya kulibandua na upepo wa nguvu wa kulikalisha tena. Utamkuta fundi hodari kabisa, atalizunguka mara mbili, kisha atakuuliza kwa upole, "Dereva, unayo spea ya saizi hii?" Na kama spea uliyonayo ni ile ndogo ya zamani, kwa kuwa kubwa halikuenea chini ya bodi, hapo taabu imezaa pacha. Gari likivuta magurudumu yote manne huku moja ni dogo, gia na difu zinasagana hadi zivunjike.

Haya si mambo ya starehe tu, msomaji. Kati ya North Horr na Marsabit pikapu ndiyo basi, ndiyo lori, na mara nyingi ndiyo ambulensi. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, mtoto aliyeumwa na nyoka, hawawezi kungoja tairi la fahari liletwe kutoka Nairobi. Mwenye gari anayelivalisha viatu visivyopatikana wilaya nzima amewafunga na wao miguu.

Je, usibadilishe kabisa? La, sijasema hivyo. Anayepita mchanga mara nyingi kuliko mawe, habebi tani nzima, naye ana uwezo wa kununua spea mbili za saizi ile ile, anaweza kupanda hatua moja, ile ya 285, akaridhika. Abadilishe yote kwa pamoja, na kabla ya hapo azungumze na watu wake wa bima wasije wakamkana siku ya ajali. Kwa anayebeba mizigo na watu, nionavyo mimi, pesa zile zina kazi bora: spea mbili za saizi ya kawaida, springi na shokabsoba nzima, beringi mpya, pampu nzuri na jeki yenye ubao wa kuikalia mchangani. Na anaponunua tairi, asome namba nne za mwisho ubavuni. Ukiona 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye miaka mingi, hata kama meno yake yanang'aa, mpira wake umekauka, na jua la Chalbi litalimaliza.

Kutoka Maikona utapumzika Kalacha, penye chemchemi na minazi ya jangwani iitwayo mikoma, kisha North Horr. Mbele yako ni mahali paitwapo Gas, na tafadhali usitafute gesi wala petroli huko. Mlima Kulal utajitokeza kushoto, halafu ghafla Ziwa Turkana, rangi ya kijani kisichofanana na cha majani wala cha bahari ya Mombasa. Loiyangalani imekaa kando yake pamoja na chemchemi zake za maji moto. Waelmolo huvua samaki hapo, na Waturkana, Wasamburu na Warendille wote wana watu wao mjini. Usiku upepo huvuma kutoka Kulal kana kwamba una kisasi na mabati.

Asubuhi, kabla ya chai, kaza nati zote za magurudumu. Mawe huzilegeza, hasa kama rimu ni mpya. Ukirudi kwa njia ya kusini utayapita makinda ya upepo huo, vinu 365 vya umeme vilivyosimamishwa karibu na Sarima na kuzinduliwa rasmi mwaka 2019. Ili malori yafikishe vyuma vyake, barabara ya changarawe ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa upya, na pikapu ya kawaida yenye tairi la kawaida hupita humo bila mbwembwe. Ukifika Laisamis teremka, uwe na kipimo mkononi, ujaze upepo kwenye matairi yote, spea ikiwemo, ndipo ukanyage lami.