Usijaze Maji Safi Juu ya Kutu



Leo nataka kukueleza habari za gari langu. Ninyi wa kanisani mnalijua, ile Corolla ya 1997 ambayo vijana wa kwaya huitania kila Jumapili. Usiharakishe kupita. Kuna neno lako humu ndani.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunatoka mazishini Naivasha, mama watoto kando yangu, tukarudi kwa njia ya Mai Mahiu. Tulikuwa tumeliacha nyuma kidogo lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Hapo mlima unaanza kwa kweli. Mbele yetu lori linapanda polepole, nyuma matatu inapiga honi.

Mama watoto akasema, "Baba, hiyo sindano ya joto inapanda."

Nikamjibu, "Ni mlima tu. Tukifika juu itatulia."

Haikutulia. Mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti, nikatoka barabarani, nikazima injini.

Kijana mmoja wa pale kando ya barabara akaja na kitambaa akitaka kufungua kifuniko cha rejeta. Mama watoto akamzuia, na ninamshukuru Mungu. Sikiza vizuri, kwa sababu hili linaweza kukuokoa macho. Huku kwetu Nairobi tuko juu sana kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi kama 95 tu. Lakini ndani ya rejeta kifuniko kinayafungia maji kwa presha, na yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua ghafla, presha inaondoka, yanachemka mara hiyo hiyo na kukurukia usoni. Subiri injini ipoe kabisa. Sisi tulisubiri zaidi ya saa nzima, tukaongeza maji yetu ya kunywa, tukarudi nyumbani mwendo wa kobe.

Kesho yake nikaenda kwa fundi wa jua kali. Hakushika spana kwanza. Aliniuliza maswali.

"Pasta, unatia maji gani?"

"Ya kisima, pale nyumbani."

"Kila baada ya muda gani?"

"Kila asubuhi."

Akaniangalia. "Kila asubuhi? Na hujawahi kujiuliza yanaenda wapi?"

Mpendwa, sikuwa na jibu. Karibu miaka miwili nilikuwa naamka, naomba, nachukua mtungi, naongeza maji, naondoka. Nilijiona mtu anayetunza gari lake. Kumbe mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji yakipungua kila siku, kuna mahali yanatoka. Kuongeza si kutengeneza.

Injini ikiwa baridi, akafungua kizibo cha chini ya rejeta. Maji yaliyotoka yalikuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na nyuma yake matope ya kutu. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, kama ule unaouona kwenye birika lililochemsha maji ya chumvi miaka mingi. Kulikuwa na mabonge ya manjano pia. Nikakumbuka: fundi mwingine aliwahi kunitilia bizari ili kuziba tundu. Tundu likazibika kwa muda, lakini bizari ikaenda kukaa kwenye vile vijia vyembamba ambamo maji hupita kupoa.

Kabla ya kuendelea akanionya. "Pasta, nikiosha hii, inaweza kuanza kuvuja mahali haikuwa inavuja. Uchafu ndio umeziba. Usije ukasema nimeharibu."

Nikamwambia aoshe.

Alitoa themostati, ile valvu inayofunguka maji yakishika moto. Ilikuwa imekwama kwa kutu, ikifunguka nusu tu. Akaleta mpira wa maji, akasukuma maji kinyume na njia yake ya kawaida, ili uchafu utoke kulikoingilia. Akaweka dawa ya kusafisha, akawasha injini, akafungua na hita ya ndani ya gari ili hata kona hiyo ioshwe. Akasubiri ipoe. Akamwaga. Akarudia.

Mara ya tatu nikamwambia, "Fundi, imetosha sasa."

Akakinga maji kwenye chupa ya soda isiyo na rangi, akaweka kidole nyuma yake. "Unaona kidole changu?"

"Kidogo."

"Basi bado."

Tulianza saa tatu asubuhi, chupa ikawa safi saa tisa. Na kama alivyosema, pampu ya maji ikaanza kudondosha mahali palipokuwa pakavu. Akabadilisha pampu, themostati, kifuniko, na mpira mmoja uliokuwa umelainika kama mkate uliolowa. Ndipo akajaza kulanti nusu na maji yaliyosafishwa nusu, si ya kisima tena. Akaacha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, hadi mapovu ya hewa yakaisha, kisha akafunga. Masalio ya kulanti aliyatia kwenye mtungi akaufunga, akaniambia niuweke mbali na watoto na mbwa. Ina utamu mdomoni, lakini ni sumu.

Sasa nikuambie kwa nini ninaandika haya.

Saa zote hizo nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu, na lile swali halikuniacha. Yanaenda wapi?

Karibu miaka miwili iliyopita, nikiwa madhabahuni, nilimkemea mzee mmoja wa kanisa letu kuhusu pesa za harambee. Sikumtaja jina, lakini kila mtu aliyeketi pale alijua ni nani. Baada ya miezi miwili risiti zikapatikana. Pesa zote zilikuwa zimetumika sawasawa. Mzee alikuwa msafi. Wakati huo alikuwa ameshaacha kuja.

Nilifanya nini? Niliomba. Niliingia kwenye mfungo. Niliongoza kesha. Nilitoka kila kesha nikijisikia mzuri, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimekauka tena. Niliwakaripia wahudumu wa mlangoni kwa makosa madogo. Niliwafokea watoto wangu. Mama watoto aliponiuliza, nilisema ni kazi nyingi, ni mlima tu, itatulia. Nilikuwa naongeza maji kila asubuhi, na sikutaka kuuliza yanaenda wapi.

Daudi aliyapitia haya. Soma Zaburi ya 32. Anaeleza jinsi alivyonyamaza na dhambi yake hadi mifupa ikachakaa na nguvu zake zikakauka kama ardhi wakati wa kiangazi. Alikuwa bado ni mfalme. Watu walikuwa bado wanamwinamia. Lakini ndani alikuwa anachemka, na ilibidi Mungu amtume Nathani amfungue.

Na Yesu katika Mathayo 5 alitupa utaratibu ambao sisi watu wa maombi tunapenda kuuruka. Ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache pale kwanza. Nenda upatane naye. Kisha urudi utoe. Hakusema uongeze sadaka. Hakusema ufunge siku tatu zaidi. Alisema nenda.

Nilienda. Nilimkuta mzee nje akipalilia sukuma wiki. Nilimwambia, "Mzee, nilikukosea mbele za watu, nikajua ukweli, na nikanyamaza." Alinyamaza muda mrefu. Akamwita mkewe alete chai. Tulipomaliza akasema, "Nimekusikia, Mchungaji. Nipe muda."

Jumapili iliyofuata nilisema mbele ya kanisa lote, kwa sababu palipomwagika aibu ndipo heshima ilipaswa kurudishwa. Na hapo nilikumbuka onyo la fundi. Wiki hiyo hiyo watu wawili walikuja ofisini kuniambia mambo mengine niliyowaumiza, mambo ambayo sikuwa nayajua. Palianza kuvuja palipokuwa pakavu. Iliuma. Lakini afadhali nijue.

Kiti cha mzee bado ni kitupu hadi leo ninapoandika. Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekwisha. Ninachoweza kukuambia ni kwamba usiku nalala, na watoto wangu wameanza tena kunisimulia habari za shule.

Mpendwa, wewe unayesoma, huenda umezoea kuongeza maji. Wimbo wa asubuhi, mahubiri kwenye simu, kesha la Ijumaa. Vyote ni vizuri. Lakini kama kila wiki unakauka mahali pale pale, uliza yanaenda wapi. Ni nani hujampigia simu? Ni deni gani unapitia njia nyingine ili usikutane na mwenyewe? Ni bizari gani uliyotia ili watu wasione tundu?

Usimwombe Mungu ajaze upya juu ya kutu ya zamani. Mwombe kwanza afungue kizibo cha chini. Na akianza kuosha, usimwambie imetosha kabla chupa haijawa safi.

Tuombe: Baba, tumechoka kuongeza na kukauka. Utuonyeshe mahali tunapovuja. Utupe ujasiri wa kwenda kwa yule tuliyemkosea, hata kama hatatujibu leo. Utuoshe hadi ndani kabisa, kisha utujaze. Katika jina la Yesu, Amina.

Kabla hujaandika Amina hapa chini, mpigie simu mtu huyo. Amina yako itangoja.

Na ukiwa na gari kuukuu, kesho asubuhi injini ikiwa baridi, angalia rangi ya maji yako.

Mbarikiwe.