Unga na Asali: Tuliyoyaona Dinant

Mtu akipanda gari la moshi mjini Bruxelles na kuelekea kusini-mashariki, kabla ya saa mbili kupita atafika Dinant. Kuanzia mji wa Namur reli hufuata mto Meuse, na kadiri safari inavyoendelea bonde huzidi kuwa jembamba: upande huu maji, upande huu mwamba wa kijivu, na katikati nafasi ndogo ya njia na nyumba. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Ubelgiji ni nchi tambarare. Hapa tuliona kwamba mafundisho hayo hayakusema yote.

Mji wenyewe umebanwa kati ya mto na mwamba. Kanisa kubwa la Mama Maria, ambalo mnara wake una kichwa cha mviringo mfano wa kitunguu, limeegemea ukuta wa jiwe, na juu kabisa imekaa ngome. Atakaye kuipanda kwa miguu atahesabu vidato 408. Katika mji huu alizaliwa Adolphe Sax mwaka 1814, yule aliyevumbua saksofoni, chombo ambacho wanamuziki wa Kongo wamekizoeza kuimba nyimbo za kwetu. Lakini sisi hatukwenda Dinant kwa ajili ya saksofoni. Tulikwenda kwa ajili ya biskuti.

Biskuti iliyo kama ubao

Katika madirisha ya maduka ya mikate tuliona majogoo, samaki, maua, makanisa na hata ngome nzima, vyote vya rangi ya kahawia inayong'aa. Mgeni asiyejua angedhani ni kazi ya mchonga mbao. Kumbe ni chakula! Wenyeji hukiita couque de Dinant. Neno la kwanza hutamkwa karibu sawa na "kuk", wala msomaji asidhani kwamba tunazungumza juu ya kuku. Jina hilo latokana na neno la Kiholanzi koek, maana yake keki.

Tuliuliza biskuti hiyo imetengenezwa kwa vitu gani. Jibu lake ni fupi: unga wa ngano na asali, uzito sawa kwa sawa. Hakuna yai, hakuna siagi, hakuna maziwa, hakuna hamira, wala hata tone la maji. Fundi huvikanda pamoja, hulisukuma donge mpaka liwe bamba nene kiasi cha sentimita moja, hulikandamiza juu ya kalibu ya mbao iliyonyunyiziwa unga, kisha huliondoa na kukata kando zake. Tanuri lake huwa kali sana, kama digrii 300, na kwa robo saa hivi kazi imekwisha. Asali iliyo juu huungua kidogo tu, nayo ndiyo inayoleta rangi ile na mng'ao ule.

Kalibu hizo ni kazi ya sanaa. Huchongwa katika mbao ngumu, kama vile mti wa peasi. Mchongaji hana budi kufikiri kinyume: lililo bonde katika ubao litakuwa mlima katika biskuti, na lililo kushoto litatokea kulia. Wachongaji wetu wa Kongo wangeielewa kazi hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Na ugumu wa biskuti yenyewe! Usiiume kwa nguvu, kwa maana huenda jino likavunjika kwanza. Watu wa Dinant huvunja kipande kidogo, hukiweka kinywani na kukiacha kiyeyuke polepole, au hukichovya katika kahawa ya moto. Kwa kuwa haina maji mengi ndani yake, hukaa muda mrefu sana bila kuota ukungu, na wengine huitundika ukutani kuwa pambo la nyumba. Iko na dada yake iliyo laini zaidi, couque de Rins, ambayo imeongezwa sukari.

Mji uliochomwa mara mbili

Je, kwa nini watu wenye ng'ombe wa maziwa na bustani za matunda washike biskuti ya umaskini namna hii? Katika Enzi za Kati Dinant ulikuwa mji wa mafundi wa shaba ya manjano. Sifa yao ilienea Ulaya hata leo Wafaransa huviita vyombo vya namna hiyo dinanderie, kwa jina la mji. Mwezi wa Agosti 1466 majeshi ya Filipo Mwema, mtawala wa Bourgogne, na ya mwanawe Charles yaliuzingira mji, yakauteka, yakaupora na kuuchoma. Wazee husimulia kwamba wakati wa kuzingirwa ghala zilibaki na unga na asali tu, ndipo watu wakavichanganya. Donge lilipookwa likawa gumu mno, na mtu mmoja akawaza kulipamba kwa michoro ya mafundi wa shaba. Hayo ni masimulizi ya wenyeji, si hati za historia. Lakini yaonyesha jinsi wanavyopenda kujikumbuka: watu waliotengeneza kitu kizuri kwa kile kilichobaki.

Msiba wa pili hauhitaji masimulizi, kwa maana umeandikwa katika mawe. Mwezi wa Agosti 1914, hasa siku ya tarehe 23, askari wa Kijerumani waliwaua hapa raia 674, wanaume, wanawake na watoto wadogo, na wakateketeza sehemu kubwa ya mji. Serikali ya Ujerumani iliomba msamaha kwa ajili ya maovu hayo mwezi wa Mei 2001, karibu miaka 87 baadaye. Sisi tutokao Kivu hatukuhitaji kufafanuliwa maana ya moshi wa mji unaoungua, wala maana ya mama anayekimbia na mtoto mgongoni. Tulisimama mbele ya majina yale tukanyamaza.

Hata hivyo mji ulijengwa tena, na matanuri yakawashwa tena. Hakuna adui awezaye kuuteka ujuzi ulio mikononi mwa watu. Ngome huanguka, nyumba huungua, fedha huibwa. Lakini aliyebaki na mikono inayojua kazi, huyo ataanza tena siku atakapopata unga kidogo na asali kidogo.

Tujaribu nyumbani kwetu

Akina mama wengi wa kwetu hudhani kwamba biskuti ni kitu cha dukani, ambacho lazima kitoke mbali ndani ya karatasi ya rangi. Biskuti ya Dinant yakanusha jambo hilo, kwani hata msichana ambaye hajaoka kitu chochote aweza kuitengeneza.

Twaa nusu kilo ya unga wa ngano na nusu kilo ya asali. Vipime kwa mizani, si kwa kikombe, kwa sababu asali ni nzito: kikombe kimoja cha asali chakaribia uzito wa vikombe vitatu vya unga. Hapo ndipo wanaoanza hukosea. Angalia pia asali yako. Kama muuzaji ameiongeza maji, donge litakuwa tepetepe na biskuti haitakauka vizuri.

Pasha asali moto mdogo mpaka iwe nyepesi, lakini isichemke. Imimine katika unga kidogo kidogo, ukikanda. Donge litanata mikononi. Usikate tamaa, wala usiongeze unga mwingi. Lifunike, uliache lipumzike hata usiku mzima, nalo litakuwa tulivu. Kisha lisukume kwa chupa juu ya meza yenye unga, likate vipande, na kama huna kalibu, chora kwa uma au kandamiza kitako cha gilasi chenye nakshi.

Asiye na furu atumie mbabula. Weka mchanga mkavu chini ya sufuria nzito, juu yake sinia iliyopakwa mafuta kidogo, panga biskuti bila kugusana, funika, na weka makaa juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu, maana asali huungua upesi. Chungulia baada ya dakika 15. Zikiwa na rangi ya kahawia, ziepue hata kama bado ni laini. Jambo hili likumbukwe sana: biskuti ya asali ni laini ikiwa ya moto, nayo huwa ngumu ikipoa. Anayeirudisha motoni kwa kudhani haijaiva atapata makaa mengine. Ikipoa, itie katika kopo lililofungwa vizuri, kwa kuwa asali huvuta unyevu wa hewa, hasa wakati wa mvua.

Tuongeze onyo moja. Zamani huko Dinant watoto wachanga walipewa biskuti hii waitafune meno yalipokuwa yakiota. Leo waganga wanakataza: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali yoyote, hata iliyookwa, kwa maana yaweza kuwa na vijidudu vinavyostahimili moto, na vijidudu hivyo ni hatari kwake. Wazee wasio na meno wapewe kipande kilichochovywa katika chai.

Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Unga na asali, usiku mmoja wa kungoja, robo saa ya moto: hivyo tu. Basi, mama anapokanda donge hili, awaite binti zake na wavulana wake pia, waone kwa macho na kushika kwa mikono yao. Biskuti zitaliwa kabla ya Jumapili kwisha, lakini ujuzi watakwenda nao popote watakapokwenda, hata siku ambayo hawataweza kubeba kitu kingine.